Watoto Tuliwafunika Macho, Sisi Tukajisahau

Kamwene, ndugu zangu. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa pili, hapa Njombe. Nyumbani ni Makambako. Nina miaka kumi na tisa, na kabla ya kuumwa nilikuwa na kipaji kimoja tu: kukwepa baridi.

Mwezi wa saba Njombe haina huruma. Unavaa sweta mbili, bado meno yanagongana. Basi tulipoanza mazoezi ya vitendo hospitalini, niligundua paradiso ndogo: kona ya wodi ya watoto wachanga, penye taa za bluu za kutibu ugonjwa wa manjano. Zile taa za zamani zina joto tamu. Wenzangu walipaita disko, nami nikawa mtu wa disko. Niliomba zamu za pale, ripoti nikaandikia palepale. Mtoto kafungwa kitambaa machoni, kavaa nepi tu, kalala kama bosi. Mimi nimemwinamia, macho kodo.

Wiki ya pili kichwa kikaanza kugonga. Macho yakawasha kama yamemwagiwa mchanga. Nikitazama ukuta mweupe, naona njano. Halafu kichefuchefu.

Jumamosi nilikwenda nyumbani. Mama akanikuta natapika nyuma ya jiko.

"Ni ya nani?"

"Nini, mama?"

"Usinizuge. Macho mekundu, unatapika. Mimba ya nani?"

"Mama, ni taa ya wodini."

"Taa gani inayotia mimba?"

Nilicheka mpaka nikatapika tena.

Jumatatu kicheko kiliisha. Nilipewa bomba la sindano nivute dawa ya mtoto, nusu mililita. Mistari ikacheza mbele ya macho yangu. Nusu au moja? Sista Upendo, mkuu wa zamu, alininyang'anya kabla sijasogea.

"Leo hakuna utani. Nenda kwa daktari wa macho. Kama huoni, usirudi wodini kwangu."

Njia nzima nililia. Muuguzi asiyeweza kusoma sindano atafanya kazi gani?

Daktari alinipima kila kitu, kisha akauliza, "Watoto mnawafunika macho kwa nini?"

"Mwanga usiwaumize."

"Na yako ni ya mbuzi?"

Akasema macho yamekauka na kuchubuka juu kidogo, yatapona. Akanipa dawa ya matone, wiki mbili mbali na taa, na miwani ya rangi ya chungwa ya kuzuia mwanga wa bluu.

Niliporudi wodini baada ya wiki hizo mbili, wenzangu waliiona miwani wakapiga kelele: "Fundi wa kuchomea mageti kaja!" Nikacheka nao, ila miwani sikuivua. Mimi na Sista tukashona pazia la kuzunguka mashine. Mtoto akichomwa sindano au akitazamwa rangi ya ngozi, taa inazimwa kwanza. Ripoti naandikia mezani, vidole vikiganda.

Siku ya tatu Sista akanipa bomba kama lile la kwanza. Nikavuta, nikaliinua dirishani, nikasoma kwa sauti: "Nusu mililita."

Akatazama. Akanitazama mimi. "Mpe."

Namshukuru Mungu, daktari, Sista, na mama, ambaye bado ananikagua tumbo. Wewe unayeingia zamu leo: ukimfunga mtoto kitambaa, vaa miwani yako kwa mkono huohuo. Ukiumwa kichwa, sema mapema, hata wakikucheka.

Baridi ipo palepale. Nimejipatia sweta ya tatu.