Asio Aliyesiriba Nyufa

Upande wa Paya, huko Tororo, mtu akitaka nyumba yake ya udongo ipendeze kwa ajili ya posa, matanga au ubatizo, alikuwa anamwita Asio. Mafundi wa kusimamisha nguzo ni wengi, na kila mwanamume pale hujidai kuwa mmoja wao, lakini kusiriba ukuta mpaka ukawa laini ni kazi ya wanawake, na kati ya wanawake wote hakuna aliyemfikia.

Alizaliwa ng'ambo ya mpaka, kwa Wateso wa upande wa Kenya, si mbali na Busia, akaolewa Tororo akiwa na miaka kumi na tisa. Alikuja na begi moja na ujuzi wa mama yake: udongo wa kichuguu uliochekechwa, samadi mbichi ya ng'ombe, majivu kidogo, maji yasiyozidi. Tabaka la kwanza alilitupa ukutani kwa nguvu, la pili akalisugua kwa kiganja, la tatu akalipaka kwa vidole vitatu akichora mistari ya kupindapinda kuzunguka nyumba nzima. Chini kabisa aliweka ukanda wa udongo mweusi wa kinamasini. Mumewe alipofariki, kazi hiyo ndiyo iliyomsomeshea watoto wawili, ambao sasa wako Kampala na hupiga simu wanapokumbuka.

Kampuni ilikuja miaka saba iliyopita. Wenyewe ni watu wa mbali, kutoka nchi ambayo hakuna mwanakijiji anayeweza kuitaja bila kubishana na mwenzake, na walichotaka ni mawe ya chokaa yaliyo chini ya kilima. Walikuja na karatasi kutoka Kampala, wakaja na uzio, wakaja na baruti. Kila siku ya kazi, saa saba mchana, king'ora hulia mara tatu, kuku hukimbilia migombani, kisha ardhi inaruka. Malori hubeba mawe kutwa, saruji yake inavuka mpaka wa Malaba kwenda Kenya, na maghorofa yanajengwa ambayo watu wa Paya watayaona kwenye kalenda. Nyumba zao wenyewe zilianza kupasuka.

Mwanzoni nyufa zilikuwa nyembamba kama uzi. Baadaye kidole kilipita. Katika nyumba ya Among, ukuta wa upande wa kitanda, mkono mzima uliingia na mwanga wa nje ukaonekana.

Among ni yule bibi aliyempokea Asio siku ya kwanza, kwa sababu yeye pia alikuwa ameolewa hapo kutoka kwa Wateso. Alimfundisha Kidhopadhola, lugha ya hapo, alimfundisha ni mashemeji gani wa kuogopa na ni gani wa kucheka nao, na mtoto wa kwanza wa Asio alizaliwa mikononi mwake. Sasa miguu yake ilikuwa imekataa kazi. Alikaa kitandani akisikiliza redio, na Asio alimpelekea uji asubuhi na kumwogesha jioni. Kama angekuwa mama mzazi, asingemfanyia zaidi.

Kwa hiyo Mwenyekiti wa kijiji, Obbo, alipoandika barua ya malalamiko ya nyumba kumi na nne, Asio hakufikiria kwanza nyumba yake, iliyokuwa na nyufa nyembamba tu. Kampuni ilijibu kwamba itatuma wathamini mwezi wa Januari. Nyumba itakayoonekana kupasuliwa na baruti ingejengwa upya kwa matofali, mbali na kilima, kabla ya mvua za masika. Nyumba ambayo mwenyewe ameihama haitahesabiwa. Obbo aliisoma barua hiyo mara mbili mbele ya watu. Asio alimtazama Among, akawaza kwamba mama huyu akimaliza masika mahali pakavu penye ukuta mzima, Mungu atakuwa amewasikia.

Sasa sikiliza jambo alilofanya, na usimcheke upesi.

Wageni walikuwa wanakuja Alhamisi. Nao watu wa huko, mgeni anapokuja, humpatia kwanza mahali safi akakaa, akanywa chai, akala, ndipo anaelezwa shida ya nyumbani. Kumwonyesha mgeni ukuta uliochanika kabla hajakaa ni kumtukana yeye na kujitukana wewe. Isitoshe, shida yenyewe ilikuwa imeandikwa tayari kwenye barua. Wageni walikuwa wanaijua, ndiyo maana wanakuja. Hivyo ndivyo Asio alivyoona, na hivyo ndivyo alivyoona kila mama wa kijiji kile, maana wenzake wote kumi na watatu walimwita. Siku tatu alisiriba. Alianza kwa Among. Ule ufa wa kupitisha mkono ulimeza mabeseni matatu ya udongo, na alipomaliza kuchora mistari yake, ungedhani nyumba imejengwa wiki ile.

Mthamini aliyekuja alikuwa binti wa Kiganda anayeitwa Justine, amevaa fulana ya kampuni na kofia ngumu, ana adabu zake. Alipiga magoti kumsalimu Among. Alikunywa chai kila nyumba, akala mayai mawili hapa na karanga kule. Alipiga picha kila ukuta kwa tableti. Kila mtu alimweleza kwamba chini ya siribo kuna ufa, naye alitikisa kichwa kwa huruma na kuandika. Kabla ya kupanda gari aliusifu mkono wa Asio. Asio alifurahi, tuseme ukweli. Alirudi nyumbani akiimba.

Majibu yalifika baada ya wiki tano. Nyumba kumi na nne zimekaguliwa, zote ziko katika hali nzuri, picha zimeambatishwa.

Sitaki kueleza yote aliyoambiwa Asio kisimani mwezi ule. Kuna waliosema amehongwa. Wanawake waliomshika mkono kumpeleka nyumbani kwao akasiribe ndio hao hao walioanza kumpita njiani kama mti. Uchungu ule ulimkaa kifuani usiku na mchana, kwa sababu hakuweza kusema kwamba wamemsingizia kabisa. Udongo ulikuwa wake. Mkono ulikuwa wake.

Among peke yake hakumlaumu. Asio alimsihi ahamie kwake, maana ufa ulikuwa umeanza kujichora upya juu ya ile mistari. Bibi alikataa. Obbo alikuwa ameomba ukaguzi wa pili, alisema, na nyumba iliyohamwa haihesabiwi. Akiondoka yeye, kampuni itapata sababu nyingine ya kukataa, na safari hii itakuwa juu yake.

Ukaguzi wa pili ulikubaliwa, ukapangwa mwisho wa Machi. Asio alipiga moyo konde, akaamua kurekebisha alichoharibu. Siku moja kabla ya ukaguzi alichukua panga, akaenda nyumba kwa nyumba, na pale mwenye nyumba aliponuna alisubiri mlangoni mpaka akaruhusiwa. Alibandua kila alichosiriba. Alifuata kila ufa kwa ncha ya panga kutoka juu hadi chini, akauacha wazi. Nyufa zilikuwa zimekua. Kwa Among mwanga uliingia tena mpaka kitandani.

Justine alikuja na kofia yake ile ile. Safari hii hakunywa chai. Alisimama mbele ya ukuta wa Among kwa muda mrefu, akaangalia tableti, akaangalia ukuta, akapitisha kidole kwenye makovu ya panga.

"Mama, hii ukuta Januari ilikuwa muzima," alisema. "Sasa hapa mimi naona alama ya panga."

"Ni mimi niliyeusiriba, na ni mimi niliyeubandua," Asio alisema. "Ufa ulikuwepo kabla ya yote mawili. Muulize mwenye nyumba."

Among akajibu kutoka kitandani kwamba ni kweli tupu. Justine aliinamisha uso. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi ninapoisimulia habari hii, maana mtu mbaya ungemtukana ukapumua.

"Mimi naweza kuamini nyinyi," alisema. "Lakini siandiki kitu naamini. Naandika kitu naona, na picha ya Januari tayari iko kwa wakubwa."

Barua ya mwisho ilikuja katikati ya Aprili, Jumatano, mvua zikiwa zimeshika. Madai ya nyumba zote kumi na nne yamefutwa kwa sababu wenye nyumba wameharibu kuta makusudi. Asiyeridhika aende mahakamani. Obbo alipomaliza kusoma, aliikunja karatasi na kuitia mfukoni. Watu walitazama chini. Hata wale waliokuwa wakimsema Asio walikosa nguvu ya kumsema.

Asio alikwenda moja kwa moja kwa Among. Alimwambia kwamba sasa hakuna tena cha kusubiri, nyumba ihesabiwe isihesabiwe, atahamia kwake. Bibi alikubali. Aliomba tu redio yake isisahaulike.

Alhamisi asubuhi Asio alianza kumwandalia chumba. Kilikuwa chumba cha watoto wake zamani. Siku hizi kiliwekwa mahindi, na panya walikuwa wamechimba sakafu. Alitoa magunia, akafagia, akaziba mashimo. Halafu akaangalia sakafu ile yenye viraka akaona aibu. Mtu aliyempokea akiwa mwari, leo amlaze hapa? Alichanganya samadi na udongo wa kichuguu, akapiga magoti, akasiriba sakafu yote kutoka pembeni hadi mlangoni. Aliisugua mara ya pili kwa jiwe laini. Ilipendeza.

Ila ilikuwa mbichi, na kwa hewa ile ya mvua ingechukua siku nzima kukauka. Alipita kwa Among na uji, akamweleza. Kifua chake si kizuri, baridi ya sakafu mbichi itampanda, wangoje mpaka kesho asubuhi. Ameshazungumza na Obbo, vijana wanne watakuja na kitanda cha kubebea.

"Kesho si mbali, mwanangu," Among alimwambia. "Nenda kaisugue vizuri."

Saa saba king'ora kililia mara tatu. Asio alikuwa mlangoni mwa kile chumba, anapapasa sakafu kuona kama imeanza kushika. Mlipuko ulipokuja aliusikia miguuni kama siku zote. Kilichofuata hakikuwa cha siku zote. Ulikuwa mshindo mzito wa karibu, kama gunia la mahindi lililodondoshwa, na baada yake akina mama wakaanza kupiga yowe.

Ukuta wa upande wa kitanda cha Among ulikuwa umelala wote ndani. Asio alifika wa kwanza. Alichimba kwa mikono, na waliofika baadaye wanasema hawakumtambua, udongo ulikuwa umempanda mpaka machoni, na alikuwa akimwita Among kwa Kiteso, taratibu, kama anayemwamsha mtoto. Walipomtoa alikuwa ameshakata roho. Redio ilikuwa bado inaongea chini ya kifusi, ikabidi mtu aitafute na kuizima.

Kampuni ilituma unga, sukari na barua ya rambirambi isiyotaja ukuta. Justine alikuja kwenye maziko bila fulana ya kampuni, akakaa nyuma kabisa na wanawake, akalia. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyempa kiti pia.

Kisimani sasa watu humsalimu Asio, tena kwa upole unaomchoma kuliko matusi ya mwanzo. Hasiribi tena. Siku za soko huvuka kwenda Busia kununua omena, wale dagaa wa ziwani, anauza mafungu barabarani, na ukimkuta hana wateja atakutengea nafasi kwenye gunia lake ukae. Hatazungumza habari ya kampuni, wala baruti, wala picha. Hayo anawaachia akina Obbo, ambao bado wanatafuta wakili wa kuwasikiliza bure.

Lakini ukikaa sana, ataanza kukueleza ile sakafu. Atakwambia kwamba nyumbani kulikuwa na mikeka miwili, na blanketi zito aliloletewa na binti yake, na jiko la mkaa. Angetandika mikeka yote miwili. Angemwekea jiko karibu. Pengine Among angeamka na kikohozi.

"Kikohozi kingepona," husema, na kuanza kupanga upya omena zake.