Pete Yangu Ilipogeuka Nyeupe

Mimi ni Beatrice, wa upande wa Iguhu, mama wa watoto wawili, Khayeli na mdogo wake. Akina mama wa kikundi chetu wameniomba niandike jinsi nilivyougua na nilivyopona. Nimekubali kwa sababu leo naweza kushika kalamu. Katika miaka ile ya tisini ulipita mwaka mzima ambao nisingeweza.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mtu wa maji. Asubuhi nikishamaliza kupalilia, nilichukua karai na kushuka kwenye kijito kinachoingia mto Yala. Kazi yetu ilikuwa kuosha mchanga tukitafuta dhahabu. Unaingia maji ya magoti, unainama, unazungusha karai polepole, udongo mwepesi unaenda zake, na mwishowe chini unabaki mchanga mweusi wenye chembe chache za manjano. Sitadanganya, nilipenda karai kuliko jembe. Ukungu ulikaa juu ya maji mpaka saa tatu, vipepeo walitua kwenye matope, na hapakuwa na mtu wa kuniuliza kwa nini natabasamu peke yangu. Mume wangu Henry alinitania kwamba nimeolewa na kijito, yeye ni jirani tu. Lakini ni yeye huyo aliyepeleka chembe zangu za kwanza kwa sonara, nikatengenezewa pete.

Chembe ndogo hazishikiki kwa vidole. Tulizikamata kwa zebaki, yale maji mazito yanayong'aa, ambayo wanunuzi walituletea kwenye vichupa. Tuliikanda na mchanga kwa mkono mtupu, ikameza dhahabu, tukaikamua kwa kitambaa, tukabaki na donge dogo kama punje ya mahindi. Donge lile tulilichoma kwenye kijiko juu ya makaa. Zebaki iliondoka na moshi na dhahabu ikabaki. Na kwetu dhahabu haikuchomwa mbele za watu. Tuliamini jicho la mtu likiiona motoni, inapungua. Basi mimi nilichomea jikoni alasiri, mvua ikipiga mabati, mlango nimeufunga na dirisha nimeliziba kwa gunia. Nilijiona mjanja kweli.

Ugonjwa ulianza mdomoni. Kila nilichokula kilikuwa na ladha ya msumari, hata ingokho, kuku wetu wa sikukuu. Fizi zikavimba na kutoa damu. Mate yakanijaa hadi mto wa kulalia ukawa unalowa. Siku moja nikitafuna mahindi, jino likatoka bila maumivu yoyote, nikalitema mkononi nikidhani ni punje.

Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Chai ilimwagika kabla haijafika mdomoni. Nikawa nawaogopa watu. Jirani akipiga hodi, mimi najificha nyuma ya nyumba, mimi ambaye hapo awali ungeniaga mara tatu ndipo uondoke. Niliwafokea watoto bila sababu, halafu nikalia. Na katika siku hizo pete yangu ikageuka nyeupe kidoleni. Niliisugua kwa majivu, ikabaki nyeupe vilevile.

Mama mkwe wangu, ambaye sote tulimwita Kukhu kama walivyomwita watoto, alikitazama kidole changu kwa muda mrefu.

"Mama Khayeli," akaniambia, "hiyo pete si yako tena. Hiyo maji imekuvalisha yake. Inaitanga mtu pole pole."

Nilicheka. Kicheko hakikufika mbali.

Siku niliyoitwa ilikuwa saa sita mchana, jua kali. Chini ya mwamba kijito kinatulia na kufanya kidimbwi. Niliinama pale na karai, mikono ikitetemeka hadi karai likawa linagonga jiwe, ko ko ko. Majini palikuwa na mwanamke mwenye karai. Mikono yake ilikuwa imetulia.

Niliitazama mikono yangu, inacheza. Nikaitazama yake, imetulia kabisa. Hapakuwa na upepo, na ndege walikuwa wamenyamaza. Yule mwanamke alikuwa mzuri, na meno yake yote yalikuwepo. Sikuogopa, na hilo ndilo linalonitia hofu hadi leo. Niliona yeye ndiye mzima na mimi ndiye kivuli, na kwamba nikiingia tu nitapumzika. Maji yalikuwa yamenifika kifuani Henry aliponiita kwa sauti. Alikuwa akinywesha ng'ombe upande wa chini. Alinivuta kwa nguo hadi ukingoni.

"Ulikuwa unaenda wapi?"

"Nyumbani," nikamjibu, nami nilimaanisha hivyo.

Kukhu alitaka nipelekwe kwa mtu wa kuyasihi maji yaniachilie. Henry akasema hospitali kwanza. Katika hospitali ya misheni daktari alinipa kalamu niandike jina langu. Niliyoyaandika yalikuwa makucha ya kuku.

"Unafanya kazi gani?" akaniuliza.

"Mkulima," nikasema. Wanunuzi walikuwa wametuonya tusiseme.

Wakanipima malaria, hakuna. Homa ya matumbo, hakuna. Nikamsikia daktari akimwambia Henry kwamba huenda ikabidi nipelekwe kwa wagonjwa wa akili. Hapo muuguzi aliyekuja na sindano akanishika kidole.

"Dada, hii pete ilikuwanga ya dhahabu? Kwetu kwa machimbo, za akina mama zinageukanga hivi. Wewe unachomeanga wapi?"

Nilimtazama Henry. Nilijua nikisema ukweli, kijito changu kwaheri. Nisiposema, nitafungiwa na wanangu watakua bila mama. Nikasema yote.

Daktari akaweka kalamu chini. "Hakuna maji yanayokuita, mama. Ni huo moshi wa zebaki. Na huko jikoni huwa uko na nani?"

"Peke yangu," nikasema.

Niliambiwa niuache moshi, kijiko kitupwe, jiko lihamishwe, na nikae mahali penye hewa. Tiba iliyobaki ilikuwa subira. Basi nikawa naenda kukaa kando ya Yala bila karai. Siku za kwanza Henry alikaa nami, amenishika leso kama mbuzi wa kununuliwa. Hapo ndipo nilipoyaona maji bila kuyadai chochote. Niliona yanavyogeuka mekundu mvua ikinyesha juu na kurudi kijani siku ya pili. Niliona majani yanayozunguka mahali pamoja kama hayataki kwenda. Kichwa changu kilitulia hapo, mwezi baada ya mwezi. Mwezi wa saba nikafunga kifungo cha shati la mtoto bila msaada, nikalia kwa furaha. Ila kile kidimbwi, saa sita mchana, bado sikichungulii.

Asubuhi moja Kukhu alikuwa akinimiminia uji. Nusu ulimwagika chini.

"Ni uzee," akasema.

Mkono wangu ulikuwa umetulia, wake unacheza. Si adabu mkaza mwana kumwambia mama mkwe afungue mdomo, lakini nilimwambia. Fizi zake zilikuwa zimevimba. Alasiri zote zile za mvua alikuwa akiota moto palepale jikoni, nyuma yangu, tangu kabla sijaufunga mlango. Daktari aliponiuliza niko na nani, sikumhesabu.

Namshukuru Mungu, namshukuru Henry, na yule muuguzi kila siku. Wewe unayeumwa, usikate tamaa, mwili hurudi. Mwambie daktari kazi yako ya kweli, na akikuuliza mnakaa wangapi penye moshi, hesabu hata aliyenyamaza. Kukhu alipona fizi, mikono yake haikupona. Hajawahi kunilaumu. Kila asubuhi mimi ndiye ninayemshikia kikombe, naye hunywa akinitazama machoni mpaka uji uishe.