Kufutwa kwa Simu ya Don Álvaro

Nohelia Charris alikuwa na kinyongo, na hakukionea haya. Alikilisha kikanenepa, akaja nacho kazini kila asubuhi pale Barranquilla, nchini Kolombia, kwenye kampuni ya kusambaza jibini, akaketi nacho mezani kwake karibu na birika la kahawa.

Kazi yake ilikuwa simu za watu. Kampuni ilikuwa bahili, haikuwanunulia wauzaji simu; iliwaambia waweke programu za kazi kwenye simu zao wenyewe na wakubali masharti yote. Wakakubali. Nani anasoma masharti? Tangu hapo Nohelia, bila kuinuka kitini, aliweza kuzifunga kupitia mtandao, kuziongezea programu, kuzitafuta zilikopotea. Mifumo ya kampuni nayo ilipashana habari yenyewe kwa yenyewe: mtu akiondolewa kwenye mfumo wa mishahara, jina lake lilimtokea Nohelia kwenye skrini pamoja na vitufe viwili. Kimoja kilifuta vitu vya kazi tu. Cha pili kilifuta simu nzima, ikabaki kama ilivyotoka dukani.

Mama yake alipofariki, Nohelia alikaa nyumbani siku zote tisa za kumsalia marehemu rozari, kama binti yeyote mwenye adabu. Bosi wake, Don Álvaro Consuegra, alikuwa amempa siku tatu tu. Usiku wa tano bosi akaja mwenyewe, amevaa shati jeupe la guayabera, akanywa kahawa, akala mikate ya jibini, akampigapiga begani. Kulipokucha akaingia kwenye mfumo kwa mamlaka yake ya ubosi, akabonyeza kitufe cha pili kwenye simu ya Nohelia.

Humo ndimo zilimokuwa sauti za mama. Kila asubuhi mama alimtumia ujumbe wa sauti: kama amekula, jirani kafanya nini tena, na kawimbo kidogo mwishoni. Nohelia, aliyewahifadhia nakala karibu watu wote, yake hakuwahi kuihifadhi.

"Nilidhani umeacha kazi," Don Álvaro alimwambia baadaye, bila hata kuinua macho. "Na hizo si sauti tu, binti Nohelia? Mama mwenyewe keshaenda."

"Sawa, Don Álvaro," alijibu. Akarudi mezani kwake kungoja.

Mwaka haujaisha, wenye kampuni walioko mji mkuu, Bogotá, wakamfukuza Don Álvaro. Jina lake likatokea kwenye skrini. Simu yake binafsi nayo ilikuwa humo, kwa kuwa alikataa kubeba simu mbili kama mlanguzi. Nakala hakuwa nayo. Alisema hawezi kuweka mambo yake mtandaoni watu wakachungulie.

Akaja mbio, simu mkononi.

"Binti yangu, bonyeza kile kidogo, eh? Vya kazi tu. Humu nina mjukuu wangu, alipokuwa malkia wa watoto kwenye karnivali. Sasa yuko Chile, na mama yake hata simu zangu hapokei. Sina kingine cha huyu mtoto."

"Kaa, Don Álvaro. Kahawa?"

"Kahawa ya nini sasa!"

"Kwetu ulikunywa. Tena ukaongezewa."

"Nilikukosea. Haya, nisamehe."

"Mama yangu aliitwa nani?"

Waliokuwa wakikoroga kahawa wakaacha kukoroga.

"Ulipewa kiti cha mbele," Nohelia alisema. "Jina lilitajwa kila baada ya sala. Nitajie, nibonyeze hicho kidogo, uende zako."

"Doña... Doña Carmen?"

"Jaribu tena. Usije ukasema nimekuonea."

"Mercedes?"

"Ayayay, mzee!" mtu mmoja alicheka kule nyuma.

Nohelia aliona raha, raha tupu, tangu tumboni hadi kooni. Hakuharakisha. Alimtazama Don Álvaro usoni, akabonyeza kitufe cha pili.

Simu ikazimika mkononi mwa mzee. Aliitazama, kisha akasema taratibu, kama mtu anayejisemea:

"Ubaldina. Doña Ubaldina. Picha yake ilikuwa mezani, kaweka ua jekundu sikioni. Wakasema ile mikate aliukanda unga wake mwenyewe kabla hajalazwa."

Tangu msiba, hakuna mtu aliyekuwa amelitamka jina hilo mle ofisini. Nohelia alirukia kipanya cha kompyuta, akahangaika kutafuta pa kusimamishia ufutaji. Skrini ilikuwa imeshaandika: imekamilika.

Simu ikawaka upya, ikamsalimu Don Álvaro kama mgeni na kumwomba achague lugha. Akaitia mfukoni, akaelekea mlangoni. Nohelia alitaka kumwita, amwombe alitaje jina lile mara moja tu zaidi, lakini mlango ulikuwa umeshajifunga nyuma yake.