Kinu Kilichopika Wali wa Wageni

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetutoa kwetu na akaturudisha, akatuachia pumzi ya kusimulia. Namshukuru kwa wajukuu niliobaki nao, kwa miguu inayonifikisha msikitini, na kwa masikio ambayo bado yanasikia mchi ukitwanga mbali.

Sauti hiyo ndiyo iliyonikuta wiki iliyopita, baada ya sala ya alfajiri. Ilitoka nyuma ya vibanda vya mabati, hapa tulipowekwa tangu vita hivi vya sasa vilipotufukuza. Wanawake wawili walikuwa wakipokezana, mchi huu ukipanda ule ukishuka, na katikati pumzi zao. Nilikuwa nimekaa mkekani na tasbihi mkononi, nikasahau nilipofika. Nilikuwa mtoto tena, na hasira niliyodhani nimeizika pamoja na Bibi yangu ilinipanda kifuani ikiwa bado mbichi.

Bibi yangu aliitwa Somoe. Ndiye aliyenilea, kwa kuwa mama yangu alifariki ningali nanyonya. Kwa utani wa bibi na mjukuu aliniita mke mwenza, na nilipochelewa kuamka aliwaambia majirani kwamba mumewe ameoa mvivu. Tulikaa Nhica, karibu na mto Ruvuma, upande uliotawaliwa na Mreno. Vita vya kumwondoa Mreno vilipotufikia, kila mtu alikimbia na kile alichokiona cha thamani. Mmoja alibeba kuku, mwingine Msahafu, mwingine cherehani. Bibi alichukua kinu.

Hakikuwa kinu kidogo cha kutwangia viungo. Kilikuwa kinu cha mpunga na mtama, cha mti wa mkongo, alichochongewa na fundi wa Kimakonde kutoka bara mwaka alioolewa, na kimo chake kilinifika kifuani. Alikiviringisha njia nzima, akisimama kupumua, akikiviringisha tena. Watu walimcheka. Shoga yake mmoja alimwambia, "Somoe, wenzio wanabeba watoto, wewe unabeba gogo."

"Mtoto ana miguu," Bibi akamjibu. "Kinu hakina."

Tulipofika kivukoni Namoto, mwenye mtumbwi alikataa katakata, akasema chombo chake ni cha watu. Bibi hakubishana naye. Alikifunga kinu kamba kiunoni, akakisukuma majini, na tukavuka mto kikitufuata nyuma, nusu kimezama, kama ndama anayefuata mamaye. Mwenye mtumbwi alicheka hadi akaacha kupiga kasia.

Ng'ambo tulipewa kambi, na baada ya muda chakula kikaja. Yalikuwa mahindi ya njano, mazima, magumu kama changarawe, yananuka gunia na safari ndefu. Waliotoa mahindi yale Mungu awalipe, sina neno nao. Lakini aliyeketi mahali akaamua kuwapelekea punje nzima watu waliokimbia mikono mitupu, hata leo ningependa kumwona uso. Wengine waliyachemsha kutwa nzima na watoto bado wakaumwa matumbo. Ndipo wanawake walipoanza kuja mlangoni kwetu, na waliotangulia ni wale wale waliocheka njiani.

Bibi hakumtoza mtu kitu. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba asitwange mtu kabla ya kumtaja Mungu. Jirani yetu Mama Rosa, Mkristo wa kutoka bara, aliuliza kama Mungu wake anaruhusiwa. Bibi akamwambia kinu hakijawahi kulalamika. Basi Mama Rosa akawa anafanya ishara ya msalaba, Bibi anasema bismillahi, na michi miwili inaanza. Wakanifundisha kuingiza mchi wa tatu bila kugonga yao. Naikumbuka harufu ya pumba ikipanda na vumbi lake jepesi likitua kwenye kope zangu. Sijawahi kujiona mtu mzima kama siku ile.

Kisha ikaja mashine ya kusaga. Katibu wa kambi, mtu wa suruali iliyopigwa pasi hata pale vumbini, alitutangazia kwamba sasa tumeendelea. Wageni wakubwa wangekuja kuizindua. Tuliambiwa tufagie, tuoge, tusianike matambara. Mchele uliletwa, na mbuzi, ili wageni wale. Kilichokosekana ni kuni, maana miti ya karibu tulikwishaimaliza.

Bibi alikuwa amekwenda kisimani. Vijana wa Katibu walikuja wakakichukua kinu. Mmoja akasema mashine ipo, hiki cha nini tena. Wakakipasua kwa shoka. Mkongo mkavu hushika moto vizuri, na mimi, mtoto, nilikimbia kwenda kuutazama ule moto kwa kuwa ulikuwa mzuri.

Bibi alirudi na ndoo kichwani. Aliona kipande kilichobaki nje ya jiko, ule upande wa ndani uliolainishwa na miaka yake yote. Hakuitua ndoo. Katibu alimwendea akitabasamu, akamwambia afurahi, kwani amepumzishwa.

"Na mashine ikifa?" Bibi aliuliza.

"Bibi, wageni wako njiani. Usituletee mikosi."

Wali ulipikwa. Ulikuwa mtamu, na mkono wangu ulinuka mafuta hadi kesho yake. Bibi hakugusa. Alikaa pembeni na mchi wake mapajani, kwa kuwa mchi ulikuwa ndani na hawakuuona, nami nilidhani amefunga.

Mashine ilisaga, sitasema uongo, na unga wake ulikuwa laini kuliko wetu. Ilisaga mpaka mkanda ulipokatika. Aliyejua kuutengeneza aliondoka na wageni, na spana zake aliondoka nazo. Ujumbe ulipelekwa, likarudi jibu kwamba fungu la mashine limekwisha, sasa kuna fungu la vyoo. Wanawake wakarudi mlangoni kwetu kwa mazoea, wakasimama kuizunguka ile alama ya duara ardhini mahali kinu kilipokaa. Tulisaga kwa mawe. Ugali ulikuwa na mchanga, na maumivu ya matumbo yakarudi. Mtoto wa mwisho wa Mama Rosa, aliyekuwa anajifunza kutembea, hakuimaliza masika ile. Bibi ndiye aliyembeba hadi kaburini. Njiani Mama Rosa hakulia, ila alirudia neno moja tu, kwamba kinu kiliwapikia wageni.

Sasa msikie ya wiki iliyopita. Siku ile ile ya mchi wa alfajiri, alifika kijana wa serikali kutoka kusini, mpole, mwenye adabu, anachanganya Kireno na Kiswahili chetu. Alisema tunaletewa mashine ya kusaga inayotumia nguvu ya jua. Wageni wanakuja mchana huo kuizindua, na picha zitapigwa, kwa hiyo aliwaomba akina mama wakusanye vinu vyote wavifiche bandani, visionekane.

Mimi nimewafundisha wasichana Kurani na subira umri wangu wote. Niliinuka, nikakiendea kinu cha mke wa mwanangu, nikakiinamisha, nikakikalia. Kwetu kinu hakikaliwi. Wanawake waliweka mikono midomoni, na mmoja akasema bibi amechanganyikiwa.

"Vovó, tafadhali," kijana akasema, akiniita bibi kwa Kireno chake.

"Njoo karibu, mwanangu, nikuulize. Mkanda ukikatika, ni nani kati yetu mmemfundisha kuutengeneza?"

Akasema mafunzo yamo kwenye awamu ya pili ya projeto, yaani mradi wao.

"Basi na mimi nitainuka awamu ya pili."

Wageni walifika wakanikuta hapo, na kwenye picha zao nimo.

Nilipokuwa msichana, kwenye chuo cha Kurani, mwalimu alitufundisha kwamba haipendezi kuitenga Ijumaa peke yake kwa funga ya hiari. Nilinyanyua kichwa kutoka kwenye ubao wangu, na somo lililobaki sikulisikia. Siku ya wali ule wa wageni ilikuwa Ijumaa, na Bibi alikuwa amekula mihogo Alhamisi, akala tena Jumamosi. Hakuwa amefunga. Hakuweza kukila kinu chake.

Namwomba Mungu anisamehe kama hasira hii imezidi, na kama haikuzidi, aniachie. Nawe uliyenisoma hadi hapa, akupe chakula na cha kukisagia, akuletee wasaidizi wanaouliza kabla ya kupasua, na mlango wako usikose majirani. Amina.