Kaseti ya Baba na Sikio la Kushoto

Mwezi uliopita nilikuwa dukani kwa fundi redio hapa Masasi, nikisubiri pasi yangu. Alikuwa anajaribu spika mbili kwa muziki wa gitaa wa Kizungu, na mlio ukaanza kuhama, ukitambaa kutoka spika ya kulia kwenda ya kushoto. Nikajikuta nimenyoosha kidole kuufuata. Fundi akanitazama, nami nikajifanya nauliza bei ya tochi.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa fizikia, mtu wa Njombe aliyehamishiwa Newala kabla sijazaliwa. Mama alikuwa wa kijiji cha Mkunya, hapohapo Newala. Tuliishi nyumba za walimu, ambako msimu wa kupuliza mikorosho harufu ya salfa iliingia mpaka kwenye mashuka. Mzungu mmoja aliyewahi kufundisha na baba alimwachia kaseti ya bendi ya roki, na baba aliitunza kuliko viatu vyake. Mama aliuita muziki wa homa.

Hakukosea sana. Alasiri, akishamaliza kusahihisha madaftari, baba alinikalisha mbele ya redio na kunieleza kwa nini nyimbo zile zilinitia kizunguzungu. Gitaa lile linaloanza kwa kuvimba na kuishia kwa kukatika, alisema, limerekodiwa, kisha utepe ukapigwa kinyumenyume. Sauti ya mwimbaji imepitishwa kwenye spika inayozunguka kama feni, ndiyo maana inatetemeka kama mtu anayeimba ndani ya maji. Mwangwi umerundikwa juu ya mwangwi. Wanataka, alisema, usikie kama mtu anayeota akiwa macho.

Kilichompendeza zaidi ni ule mlio unaohama. Nilikuwa darasa la tatu aliponiambia nifumbe macho, nionyeshe kwa kidole ulipo. Nikaonyesha kulia, kisha polepole kushoto. Nilipofumbua macho, uso wake ulikuwa umebadilika. Akarudisha kaseti nyuma.

“Una hakika, Neema?”

Nilidhani nimekosea. Basi mara ya pili kidole changu kilibaki kulia mpaka mwisho. Baba akashusha pumzi, akatabasamu. Akasema kumbe ni spika ya kushoto imekufa, akachukua bisibisi.

Tangu siku ile sikuonyesha kushoto tena. Alibadilisha nyaya, akabadilisha spika yenyewe, na kila alipomaliza aliniita. Mlio nilikuwa nausikia vizuri ukihamia kushoto. Lakini nilipenda lile tabasamu.

Korosho ziliokotwa, zikauzwa. Baba akaanza kuyumba akitembea, na watu wakanong’ona kwamba mwalimu ameanza pombe. Kisha siku moja alianguka mbele ya ubao, wanafunzi wakimtazama. Tukateremka naye hadi hospitali ya Ndanda, na kutoka pale akapelekwa Dar es Salaam na mama. Ulikuwa uvimbe kichwani, nyuma ya sikio la kushoto. Ulishakuwa mkubwa. Daktari aliuliza sikio lilianza kuziba lini.

Walimrudisha nyumbani. Alikuwa anashinda kitandani, redio juu ya kiti, na bado aliniita. Nami nilionyesha kulia. Alifariki kabla mikorosho haijatoa maua.

Nilikaa na jambo lile miaka mingi bila kumwambia mtu. Mwaka jana, tukimenya mihogo Mkunya, nilimweleza mama yote. Nilitegemea alie, au anifukuze. Aliendelea kumenya.

“Alijua,” akasema. “Siku daktari aliposema ni sikio, alicheka. Akasema, kumbe mtoto alikuwa ananifurahisha. Akanikataza nisikuulize kamwe.”

Nilimuuliza kama hakukasirika. Mama akasema alikasirika kwa sababu hataniona nikikua, si kwa jambo lile.

Kwa hiyo zile wiki za mwisho alijua. Aliniita nikae kitandani kwake, akaniuliza mlio uko wapi, nikamdanganya, akaitikia kwa kichwa na kunishukuru, na kesho yake akaniita tena. Wakati ule niliamini anauliza habari za muziki.