Kaseti za Uchagani

Kaka yangu si mtu wa kuomba. Yeye ndiye anayeombwa. Kwetu Wakurya ng'ombe za mahari ya binti huenda kwa kaka mmoja ili naye aoe, na zangu zilikwenda kwake. Mke aliye naye ameletwa na ng'ombe zangu, kwa hiyo yeye ni kaka yangu kuliko kaka wengine, na mimi ni dada yake kuliko dada wengine. Nikikwama nagonga kwake. Yeye hajawahi kugonga kwangu. Ndiyo maana siku aliponiambia, "Mdogo wangu, nataka niione Ndege Nyekundu kabla macho hayajaisha," nilikiweka chini kikombe cha chai.

Macho yake yanaisha kweli. Ni presha ya macho. Miaka yote aliyokuwa akichomelea vyuma kule Genkuru, jirani na mgodi, alidhani ni vumbi tu na moto wa kuchomelea, akawa ananawa na maji baridi na kuendelea na kazi. Alipofika hospitali daktari alimwambia kilichokwenda kimekwenda, na matone aliyompa ni ya kuchelewesha kilichobaki. Sasa amerudi na mkewe kijijini kwa mama, na anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Uso wako anauona, mkono unaompa hauoni. Upande wa kushoto ndio umekufa kabisa. Ukimjia kwa upande huo anashtuka, halafu anacheka ili wewe usijisikie vibaya, na hicho kicheko ndicho kinachoniudhi kuliko ugonjwa wenyewe.

Niieleze hiyo Ndege Nyekundu. Zamani, kabla simu hazijawa televisheni, kaka alikuwa na chumba cha gemu Tarime mjini, nyuma ya duka la fundi cherehani mmoja, mzee wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka pwani. Umeme tulikuwa tunavuta kwake. Ikifika saa ya swala tunazima sauti, watoto wanacheza kimya huku wakipigana viwiko. Mashine kaka aliileta kutoka Sirari mpakani pamoja na kaseti zake, zile za kuchomeka kwa juu, ambazo zikigoma unazipuliza kama unapuliza moto. Mimi nilikaa mlangoni. Aliyemaliza zamu yake na hataki kuinuka nilimshika sikio, na wapo watu wazima Tarime leo wakiniona wanajigusa sikio.

Kaseti iliyopendwa kuliko zote ilikuwa imebanduka karatasi yake, kwa hiyo jina lake hatukuwahi kulijua. Tuliiita Ndege Nyekundu. Kindege kidogo chekundu kinatoka mawinguni, kinavuka bahari, kinaingia milimani, na muziki wake ulikuwa mtamu mpaka mzee wa cherehani alikuwa anauimba puani huku akishona makoti. Wengine wote walikufa milimani. Aliyefika mwisho ni kaka peke yake, tena mara moja, na siku hiyo alinunulia chumba kizima maandazi.

Halafu simu zikaja, watoto wakaondoka mmoja mmoja, chumba kikafungwa. Kaka akaenda Genkuru kutafuta kazi. Televisheni na mashine aliuza, kaseti akashindwa kuziuza. Akazitia kwenye mfuko wa kitambaa, akampelekea mama kijijini Nyarero. Nilikuwepo. Alisema, "Mama, nitunzie hizi, wadudu wasiziguse."

Sasa mwanamke wa kwetu ukimwambia kitu kisiguswe na wadudu, anajua mahali pamoja tu pa kukiweka. Ni uchagani, kile kichanja cha miti kilicho juu ya meko, ambako mbegu za ulezi na mahindi hukaa kwenye moshi mwaka mzima. Huko hakuna bungua, hakuna mchwa, hakuna panya mwenye akili timamu atakayepanda. Mama alizifunga vizuri, akaziweka katikati ya mbegu, mahali pa heshima, akapika ugali chini yake miaka yote hiyo. Kila tukienda kumsalimia anaonyesha juu kwa mwiko na kusema, "Mali yako ipo." Na kaka anainamisha kichwa, anasema, "Asante, mama." Hakuna kati yetu aliyepanda kuangalia.

Tulipoziteremsha zilikuwa nyeusi, zinanata masizi, plastiki imejikunja kama kandambili iliyosahaulika jikoni. Tukazipeleka Tarime kwa fundi wa redio, mama akaja nasi, kavaa kitenge chake cha kanisani. Fundi alizifungua, akazipangusa kwa spiriti, akazijaribu kwenye mashine kuukuu aliyokuwa nayo. Mbili tatu zilionyesha mistari, zikaganda. Ndege Nyekundu alipoifungua hakuijaribu hata kidogo.

"Hii imeiva," alisema, akacheka.

Hakujua aliyeipika amekaa hapo hapo kwenye benchi. Mama aliinuka kwenye benchi, tukarudi Nyarero. Akavua kitenge, akakikunja, ndipo akauliza kwa Kikurya, "Ningeziweka wapi?" Kaka akasema si kitu mama, ni vitu vya kitoto tu. Ila mama alikuwa ameshamsikia fundi. Tangu siku hiyo akawa anamwangalia mwanawe kama vile hata macho ni yeye aliyeyaweka kwenye moshi. Akawa hali vizuri. Nikimpigia simu ananiuliza jambo moja tu: "Zile za kaka yako, hazipatikani pengine?"

Basi nikasema nitazipata. Mimi ni mbishi.

Ninafua na kupiga pasi mashuka kwenye kambi ya watalii jirani na Natta, na kwenye chumba cha kufulia simu yangu inashika mtandao wa kambi. Nikawa natafuta pale wakati mashuka yakikauka. Na kumbe, jamani, zile gemu za zamani zimerudi! Kampuni zinazikusanya nyingi kwa pamoja na kuziuza upya kwa mashine za siku hizi. Nilipitia makasha kwa makasha mpaka siku moja nikaona picha, na pale kwenye kona ya kasha, kinatoka mawinguni, kindege chekundu. Nilipiga ukelele, mpishi akaja mbio akidhani nimeungua na pasi.

Furaha yangu haikukaa. Nilivyozidi kusoma ndivyo nilivyozidi kukasirika. Mkusanyo ni mmoja, ila kila nchi inapewa kwa namna yake. Wajapani wanauziwa diski, kitu cha kushika mkononi. Wengine wanauziwa kasha. Wengine hawapewi chochote cha kushika, wanaambiwa wapakue mtandaoni. Na sisi? Kwenye orodha ya nchi za kufungulia akaunti, Tanzania haikuwepo. Nilishuka na ile orodha kwa kidole, nikapanda tena. Si kwamba walitukataza. Kukatazwa kuna afadhali, mtu anayekukataza amekuona.

Mashine ya siku hizi tulipata kwanza. Mama aliuza mtamba wake. Kaka alipopinga mama alimwambia mtamba ni wake na mdomo ni wake, anyamaze. Tukanunua mashine iliyotumika Sirari, muuzaji akaifungulia akaunti ya nchi anayoijua yeye, nasi tukaridhika kwa kuwa inawaka.

Gemu yenyewe nilimwagiza mgeni mmoja, mama wa makamo kutoka Ulaya anayekuja kambini kila mwaka kuangalia nyumbu. Nilimwonyesha picha. Akaniahidi, na kweli, aliporudi alikuja nalo kasha, jipya, limefungwa na nailoni. Hakutaka nimlipe. Nilililaza chini ya mto kama mtoto. Siku ya mapumziko nikalipeleka Nyarero, tukakaa sebuleni wote watatu, nikalifungua mbele yao.

Ndani hamkuwa na diski. Kulikuwa na kikaratasi chenye namba.

"Iko wapi?" mama akauliza.

"Iko mtandaoni, mama. Hii ni ruhusa ya kwenda kuichukua."

Akalishika lile kasha, akaligeuza, akalitikisa. "Wamekuuzia gunia bila mahindi," alisema. Na ndivyo ilivyokuwa.

Nikaingiza namba. Mashine ikasema namba hii haitumiki katika nchi yako. Nchi gani sasa, wakati ile akaunti ni ya nchi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukanyaga? Ilinibidi nirudi Natta, nimsubiri yule mgeni arudi kutoka porini, anieleze kwamba namba ya kwao inataka akaunti ya kwao. Nikarudi Nyarero, nikafungua nyingine, nikajiandika raia wa Ulaya mimi mfua mashuka. Namba ikakubali. Kisha upakuaji. Bando la simu ya kaka liliisha kabla hata mstari haujafika robo, tukaongeza likaisha tena, umeme ukakatika, mstari ukarudi mwanzo. Siku hiyo nililia. Siyo kwa huzuni, kwa hasira. Unapigana na kitu hakina uso, hakina ofisi, hakina hata mlinzi wa getini wa kumtukana.

Nikaitia mashine kwenye begi la shangazi kaja, nikapanda nayo gari mpaka Mugumu na kutoka hapo mpaka kambini. Meneja, Mungu ambariki, aliniruhusu kuiunganisha pale wageni wanapokuwa wametoka kwenda kuona wanyama. Wakirudi naichomoa, wakiondoka naichomeka. Wakati huo mke wa kaka alikuwa ananipigia kuniambia kwamba kaka sasa anamwaga chai nje ya kikombe. Naangalia mstari, unasogea kama konokono. Nilikuwa nauambia kwa sauti, "Twende basi, we mstari, twende." Ningefanya nini kingine? Hakukuwa na kingine cha kufanya.

Ulipojaa nikaomba ruhusa, nikarudi Nyarero.

Ilikuwa mchana. Kaka alivuta kiti mpaka magoti yake yakagusa meza ya televisheni, akageuza kichwa kidogo kushoto ili kile kitundu chake cha kuonea kielekee kwenye kioo. Mama alisimama nyuma yake na mwiko mkononi, kaacha chungu motoni. Nikawasha. Orodha ya gemu ikatokea, picha ndogo ndogo moja chini ya nyingine, nami nikaanza kushuka. Nikafika mwisho. Nikapanda. Nikashuka tena polepole. Kulikuwa na magari, na watu wanaopigana, na ndege moja nyeupe.

Nikatoa simu, nikafungua ile picha ya kwanza, ile iliyonifanya nipige ukelele, na kwa mara ya kwanza nikaitazama kwa utulivu. Maandishi ya kwenye kasha lile yalikuwa ya Kijapani. Nilikuwa nimeona kindege tu, maandishi nikayapita. Ndege Nyekundu ilikuwa kwenye diski ya Wajapani. Kwenye mkusanyo wa kupakua hawakuitia. Mtamba ulikuwa umeshauzwa, kikaratasi kimeshatumika.

"Vipi?" kaka akauliza.

Nikaiwasha ile nyeupe, kwa kuwa mikono yangu ilitaka kufanya kitu. Kindege kikatoka mawinguni. Muziki ulikuwa mwingine kabisa. Kaka aliusikiliza, pedi mkononi, vidole bado havijabonyeza. Nikajua ameshajua.

Mama akainama juu ya bega lake. "Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo yenyewe, mama," kaka akasema. "Hii hii. Kumbe hukuiharibu, ilikuwepo tu huku."

Mama akashika kifua. Akapiga kigelegele kimoja, kikubwa, mpaka mke wa kaka akaitika kutoka nje bila kujua anaitikia nini. Akasema chungu kinaungua, akatoka, na nikamsikia akiimba jikoni. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu siku ya fundi.

Kaka akaanza kucheza. Maadui wakaja upande wa kushoto, hakuwaona, akafa. Akaanza upya, wakaja kushoto, akafa tena.

"Ni rangi gani?" aliniuliza kwa sauti ya chini, kichwa hakugeuza.

"Nyeupe, kaka."

"Usimwambie," akasema. "Hebu kaa huku kushoto kwangu, uwe unaniambia wakija."

Nikavuta kigoda, nikakaa kushoto kwake.