Msalaba Juu ya Majembe

Mvua inakaribia hapa Arua, na vumbi limeanza kunukia kama zamani, kwenye shule yetu ya kanisa kule Koboko. Radi ilikuwa imeua mtoto huko Ludara, kwa hiyo mawingu yakijikusanya, sista aliyetufundisha alitoa nje majembe ya shamba la shule, akatuambia tupandishe miguu juu ya benchi. Siku moja alivua pia msalaba wake, akauweka juu ya majembe.

"Sista, hata musalaba?" nikauliza.

"Hiyo ni chuma. Mungu iko hapa ndani na sisi."

Tukasali, Wakatoliki na Waislamu, bati likivuma.

Sasa kumenguruma. Nimevua rozari yangu ya chuma, nimeiacha barazani, ndipo nikawaita watoto tusali.